"Laughter" ina f, "daughter" haina: herufi GH za Kiingereza zinafuata sheria gani?

#1 Kipima Sauti

Wakuu, habari za muda huu.

Chukueni maneno matatu: "laughter", "daughter", "slaughter". Yote yanaishia na herufi saba zilezile kwa mpangilio uleule. Tena "slaughter" imeimeza "laughter" nzima. Ondoa s ya mwanzo uone. Lakini kicheko ni laafta, binti ni doota, machinjo ni sloota. Hiyo f imetoka wapi kwenye neno moja, na kwenye mawili mengine imekwenda wapi?

Halafu kuna kundi la -ough. "Though" ni dhou, "through" ni thruu, "tough" ni taf, "cough" ni kof, "bough" ni bau, "thorough" ni thara, "thought" ni thoot. Natumia tahajia ya Kiswahili: dh ya dhahabu, th ya thelathini, na irabu mbili zikifuatana ni moja ndefu.

Ninachodai ni kwamba hakuna kanuni, ni kukariri tu. Mwenye kanuni ailete tuipime kwa mifano.

#2 Chaki Nyeupe

Kanuni ipo mkuu, ila usiitafute kwenye gh yenyewe. Tazama gh imekaa wapi katika neno, na irabu gani imeitangulia.

Ikiwa mwanzoni mwa neno, gh ni g na hakuna mjadala: ghost, ghetto, ghee, ghoul, gherkin.

Ikifuata i ambayo haina e wala a mbele yake, ni bubu, na i inasomwa ai: high, thigh, sigh, light, night, fight, bright, flight. Huku f haijawahi kukanyaga.

Kundi la eigh ni ei: eight, weigh, weight, freight, neighbour. Yanayokaidi ni mawili tu, height na sleight, hayo ni ai.

Kundi la -aught ni oot: taught, caught, naughty, daughter, slaughter. Wakaidi ni laugh na watoto wake, pamoja na draught. Kundi la -ought nalo ni oot: bought, brought, fought, thought, sought, ought. Mkaidi anayekutana na mwanafunzi kila mwaka ni drought, ambayo ni draut. Ukisikia mtu anasema "droot" ujue ameifuata kanuni mpaka ikampeleka shimoni.

Kazi kubwa imebaki kwa -ough ya mwisho wa neno. Hapo hata mimi nakubali kukariri, lakini kukariri kwa kipimo. Maneno ya kawaida yenye f ni saba: laugh, draught, cough, trough, rough, tough, enough. Mengine yote ya matumizi ya kila siku, gh haitoi f. Saba si mzigo kwa mtoto wa darasa la sita.

#3 Kete Tatu

Nakazia hapo kwenye draught, maana wengi hawajui kwamba ndiyo drafti yetu ya kijiweni. Waswahili walisikia f, wakaandika f, wakaendelea kuvuna kete. Na "plough" tumeiandika plau, kama inavyosikika.

Angalizo la matumizi: Waingereza wanazo mbili. Rasimu ya barua au ya mkataba ni draft. Upepo unaopenya dirishani, bia ya pipa, ng'ombe wa kukokota plau, na huo mchezo wa kete, vyote ni draught, na mchezo huchukua s: draughts. Mchora ramani za majengo ni draughtsman. Wamarekani wameandika draft karibu kila mahali, na mchezo wanauita checkers.

Sasa kwa wanaofanya mitihani ya kilimo: "draught animals" ni maksai wa kazi, "drought" ni ukame. Tofauti ni herufi moja, a na o, lakini sauti ni draaft na draut. Ukibadilisha hiyo herufi umekokota plau kwa ukame.

#4 Mpiga Chapa

Mleta uzi anauliza chanzo, si orodha. Chanzo ni mashine ya kuchapa. William Caxton alijifunza uchapaji Cologne, akachapa Bruges, kisha akafungua karakana yake Westminster mwaka 1476. Alikuwa amekaa miaka mingi nchi za Wafleminshi, yaani Ubelgiji ya leo, na hata wasaidizi wake walitoka huko Ulaya bara. Neno la Kiingereza cha kale la roho lilikuwa "gast", halina h. Kifleminshi waliandika "gheest". Wachapaji wakaingiza ile h, tukapata "ghost". Na haikuwa hilo tu. Goose, goat na girl nazo ziliwahi kuchapwa na gh, zikaponea baadaye.

Kwa hiyo tahajia iligandishwa na risasi za chapa, zile herufi za kuchapia, wakati midomo ya watu bado inatembea. Hilo ndilo jibu la uzi huu.

#5 Msomi wa Kale

Mpiga Chapa, hiyo ni habari ya "ghost" na jamaa zake wawili, ghastly na aghast, waliovutwa na ghost. Usiitandaze juu ya "night" na "daughter". Gh ya huko ilikuwepo kabla Caxton hajazaliwa.

Mfuatano wake ni huu. Kiingereza cha kale waliandika h: niht, liht, riht, dohtor, thoht. Hiyo h ilitamkwa kwa nguvu kooni, kama kh ya sheikh anapoitamka mtu aliyepita madrasa. Baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofundwa Kifaransa wakaanza kuibadilisha tahajia. Kwa muda walitumia herufi inayoitwa yogh, inafanana na tarakimu 3 iliyoshuka chini ya mstari: ni3t. Baadaye gh ikashinda. Kwa hiyo gh haikuwekwa kama pambo, iliwekwa kwa sababu kulikuwa na sauti ya kuandika.

Ushahidi wa wazi uko kwa jirani. Kijerumani mpaka leo ni Nacht, Licht, Recht, Tochter, lachen. Kiholanzi ni nacht, licht, dochter, lachen. Kiskoti ni nicht, licht, dochter, na kh inasikika.

Kusini mwa Uingereza sauti hiyo ilififia, na kufikia karne ya 17 ilikuwa imeondoka kwenye matamshi ya kawaida. Ilipoondoka ilishika njia mbili. Baada ya i midomo imekaa wazi, kh ikayeyuka na irabu ikarefuka. Baada ya u na o midomo imebana duara. Kh iliyotamkwa na midomo ya duara inasikika karibu sana na f. Msikilizaji mdogo anasikia f, anakua na f. Jaribu mwenyewe: tamka "ukh" huku umebana midomo kama unapuliza mshumaa.

#6 Kipima Sauti

Ahsante Msomi, hilo limenyooka. Ila limenieleza "night" dhidi ya "tough". Halijanieleza "daughter" dhidi ya "laughter". Zote mbili zina au mbele ya gh. Midomo ni ileile.

#7 Msomi wa Kale

Tazama kinachofuata gh. Kwenye laugh, gh iko mwisho kabisa wa neno. Kwenye daughter imefuatwa na t. Mwisho wa neno ndipo f ilipopenda kukaa: cough, rough, tough, enough, trough. Mbele ya t ikawa bubu: taught, bought, thought, daughter.

"Laughter" ina t, kweli, lakini inamfuata mzazi wake "laugh". Mtu hawezi kusema laaf halafu kicheko chenyewe akiite loota. Daughter haina kitenzi cha kuifuata.

#8 Bi Kamusi

Msomi, nakuheshimu, lakini "draught" inaangusha hoja hiyo. Ina t baada ya gh, ina f, na hakuna neno "draugh" la kuifuata. Jamaa yake ni "draw", na draw haina f wala gh.

Tena f mbele ya t haikuwa ngeni hata kwa "daughter". Lahaja kadhaa za Uingereza zilisema dafta. Katika King Lear ya Shakespeare kuna wimbo mfupi wa yule mchekeshaji wa mfalme ambamo daughter na slaughter zimepangwa vina na after. Maana yake masikio ya watazamaji wa London yaliivumilia f hapo, au angalau hayakushangaa.

Mimi naona ni mchanganyiko wa lahaja. London ilipokea watu wa kila upande, kila mmoja na tamko lake la neno lilelile, na tamko lililoshinda kwa neno moja si lazima lishinde kwa jirani yake. Mabaki yapo mpaka leo. Kinyunya cha unga ni dough, dou, lakini Waingereza wana pudingi inaitwa duff, daf, ambayo ni dough hiyohiyo kwa tamko la kaskazini. Dwarf ilikuwa dweorg, g ya mwisho imekuwa f na safari hii wakaiandika f kabisa.

#9 Mzizi na Tawi

Dada Bi Kamusi, lahaja zina sehemu yake, ila kuna sababu iliyo ndani ya neno lenyewe. Maneno haya yalikuwa yanabadilika umbo kwa umoja, wingi na uhusika.

Chukua "bough", tawi. Umoja ulitamkwa bookh, kh ikiwa mwisho. Wingi ulikuwa bogas, na hapo sauti iko katikati ya irabu mbili, kwa hiyo ililainika ikawa gh ileile tunayoisema kwenye ghali na lugha. Gh laini ya namna hiyo baadaye iligeuka w. Basi neno moja lina njia mbili: umoja unaelekea f, wingi unaelekea w. Watoto wanaozaliwa hawakai na sura mbili za tawi moja, wanachagua. Kwa bough na plough walichukua sauti ya wingi, bau na plau, lakini waandishi wakabaki na tahajia ya umoja.

Kwa "enough" zilidumu zote mbili karne kadhaa: enough kwa umoja, enow kwa wingi, moja ina f na nyingine au. Enow imekufa, ila kamusi kubwa bado zinayo.

#10 Msomi wa Kale

Maelezo ya Mzizi na Tawi ni mazuri kwa nomino na vivumishi. Laugh, cough ni vitenzi. Through ni kihusishi, haina wingi. Kwa hiyo nayo haifuniki sufuria yote.

Kuhusu through, wengi hawajui kwamba through na thorough ni neno moja, thurh. Lilipotamkwa haraka bila mkazo likabana likawa silabi moja. Lilipowekewa mkazo likapanuka likawa mbili. Ndiyo maana barabara inayopitika upande hadi upande inaitwa thoroughfare.

#11 Mvita Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Wataalamu wa asili endeleeni, mimi naongeza la mtihani, maana KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 30 za stadi za kusikiliza na kuzungumza kati ya 60, na maneno yanayofanana sauti hayakosi kuwindwa humo. Gh ni shamba lao.

Yanayofanana sauti ambayo mtahiniwa awe nayo kichwani: night na knight, right na write na rite na wright, sight na site na cite, might na mite, eight na ate, weight na wait, weigh na way, neigh na nay, sleigh na slay, straight na strait, through na threw, bough na bow ya kuinama, dough na doe, rough na ruff, taught na taut, draught na draft.

Kuna mengine yanafanana kwa tamko la Kiingereza cha Uingereza pekee, kwa kuwa r ya mwisho wa silabi haisikiki: caught na court, fought na fort, sought na sort. Mmarekani anatamka r, kwa hiyo kwake si jozi. Mitihani yetu inafuata tamko la Uingereza, yaandike bila wasiwasi.

Kosa linalorudi kila mwaka ni kuandika "bow" ya upinde kuwa jozi ya bough. Upinde ni bou. Ni bow ya kuinama, bau, ndiyo jozi.

#12 Chaki Nyeupe

Mvita, ahsante, hiyo orodha naichukua kama ilivyo. Ongeza high na hi.

#13 Mhariri wa Zamu

Mnazungumza sauti, mimi naleta kalamu. Makosa ya tahajia ya gh yanayopita mikononi mwa wahariri, na namna ya kuyaziba:

-aught au -ought kwenye vitenzi vya wakati uliopita: tazama kitenzi cha wakati uliopo. Teach na catch vina herufi a ndani yake, vinatoa taught na caught. Bring, buy, think, seek, fight havina a, vinatoa brought, bought, thought, sought, fought. Kipimo hiki kinafunika vitenzi vyote vya aina hiyo vinavyotumika leo. Wanaochanganya brought na bought: r ya bring inabaki, buy haina r.

Eighth: ni eight ukiongeza h moja tu, e-i-g-h-t-h. Watu wanaandika "eigth" kwa kufuata sikio. Eighteen na eighty zina t moja, usiweke mbili kwa kudhani ni eight na teen zimegongana.

Height: inaishia t. "Heighth" inatokana na kuvutwa na length, width na depth. Na tamko ni hait, ingawa weight ni weit. Mfanyakazi wa zahanati anayepima watoto anayatumia yote mawili kwenye kadi moja, basi ayatenganishe.

Playwright si "playwrite". Wright ni fundi wa kuunda: shipwright anaunda meli, wheelwright magurudumu, playwright tamthilia. Kwa upande mwingine copyright ni haki, right. Kuna copywriter anayeandika matangazo, huyo ni write. Maneno matatu yanasikika jirani, kazi tatu tofauti.

Thorough, through, though, thought: hesabu herufi baada ya th. Thorough ina o mbili. Through ina r mara tu baada ya th. Though haina r kabisa, na ndiyo pekee kati ya hizo nne inayoanza kwa dh. Mswahili ana bahati hapo, dh na th anazo tangu utotoni. Anayesema "zou" au "sruu" anakimbia sauti alizonazo.

#14 Dondoo

Wakuu mmesahau ile maarufu: "ghoti" inasomwa fish! Gh ya tough, o ya women, ti ya nation. Bernard Shaw alimaliza mjadala zamani, nyie mnahesabu matawi.

#15 Bi Kamusi

Dondoo karibu, ila shika hili uondoke nalo: Shaw alizaliwa 1856. Mzaha wa ghoti umo kwenye barua ya 1855 ambayo Charles Ollier alimwandikia Leigh Hunt, akimtaja mwanawe William kuwa ndiye aliyeubuni. Shaw alipigania mageuzi ya tahajia kweli, na ndiyo sababu kila kitu cha namna hii kinatupwa mlangoni kwake.

#16 Chaki Nyeupe

Na ghoti haisomeki fish kwa kanuni yoyote. Rudi bandiko #2: gh mwanzoni ni g, haijawahi kuwa f. Ti ni sh ikiwa imefuatwa na irabu, kama nation na patient. Mwishoni mwa neno haiwi sh. O ya women ni ya neno hilo moja tu. Ghoti ingesomwa gouti. Mfano unaotumika kuonyesha kwamba kanuni hakuna umevunja kanuni tatu.

#17 Dondoo

Haya mwalimu, chaki umeitupa ikanipata. Nauliza la kweli sasa: gh katikati ya neno kama spaghetti na foghorn je?

#18 Chaki Nyeupe

Spaghetti, yoghurt, sorghum, Afghan, ghetto ni maneno ya kuazima: Kiitaliano, Kituruki na kwingine. Gh yake ni g. Kwa Kiitaliano h imewekwa makusudi ili g isigeuke j mbele ya e na i.

Foghorn, doghouse, pigheaded si gh kabisa. Ni maneno mawili yaliyounganishwa, fog na horn, g inafunga silabi ya kwanza na h inafungua ya pili, kila moja inatamkwa. Ukigawa neno kwa silabi kabla ya kulisoma hutajikwaa.

Kumbuka pia toughen, laughing, neighbour: gh ipo katikati kwa macho, lakini ni mwisho wa mzizi. Ng'oa kiambishi kwanza, ndipo utumie kanuni.

#19 Mpiga Chapa

Nimesoma bandiko la Msomi kwamba gh iliwekwa kwa sababu ya sauti. Si zote. "Delight" imetoka Kifaransa cha kale, delit, haikuwa na kh siku yoyote. Gh iliingizwa karne ya 16 kwa kuiga light. "Haughty" ni haut ya Kifaransa, yenye maana ya juu. "Sprightly" ni sprite iliyovishwa gh. Na "hiccough" imebuniwa na watu walioamini kwikwi ni aina ya kikohozi. Neno ni hiccup, tamko limebaki hikap kwa tahajia zote mbili. Waandishi na wachapaji walikuwa na mkono hapa, msiwatoe kwenye kesi.

#20 Msomi wa Kale

Hapo sikupingi. Lakini tazama kinachothibitika: ili waigize light, ilibidi gh ya light iwe imeshakuwa bubu. Delight ni ushahidi wa tarehe ya kifo cha ile sauti, ndiyo thamani yake.

Na Uskoti wachapaji walifanya jingine. Hawakuwa na risasi ya yogh, wakaweka z kwa kuwa inafanana. Ndiyo maana jina Menzies kwa asili linatamkwa Mingis.

#21 Binti Kariakoo

Naulizia upande wa Marekani. Naona "thru" kwenye migahawa ya kuagiza ukiwa ndani ya gari. Ni uvivu wa simu au ni tahajia rasmi?

#22 Mhariri wa Zamu

Ni ya zamani kuliko simu zetu. Noah Webster alipendelea plow na draft, ziko kwenye kamusi yake ya 1828, na zikakubalika Marekani mpaka leo. Mwaka 1906 bodi ya kurahisisha tahajia, iliyofadhiliwa na Andrew Carnegie, ilitoa orodha ya maneno 300, humo mna tho, thru, thoro. Rais Theodore Roosevelt akaagiza mpiga chapa wa serikali aitumie, mwezi Agosti. Bunge likapinga, na kabla mwaka haujaisha akaiondoa. Gazeti la Chicago Tribune lilianza tahajia zake rahisi 1934, likaja kuachana na thru na tho mwaka 1975.

Kwa matumizi: thru iache kwenye mabango na ujumbe mfupi. Kwenye insha, barua ya kazi na mtihani andika through. Plow na draft ni sahihi ukiwa unaandika Kimarekani mwanzo mpaka mwisho. Usichanganye plow na neighbour kwenye ukurasa mmoja.

#23 Mvita Kwetu

Mimi simuungi mkono Chaki kwenye njia ya kufundisha. Kanuni ya mahali na irabu ni nzuri kwa mtu mzima. Mtoto anakwenda kwa vina. Mpe night, light, right, fight, sight kwa pamoja, aziimbe. Kesho bought, brought, thought. Keshokutwa weigh, weight, eight. Macho yanashika kipande chote cha -ight kama kitu kimoja, hayahesabu herufi.

#24 Chaki Nyeupe

Vina vinasaidia mpaka utakapofika -ite. Mtoto aliyeimba night na light ataandika "kight" na "whight". Hapo lazima umwambie kitu: kite, white, bite, write, quite, invite, polite hazina gh, na hakuna sikio litakalomwonyesha. Mimi nafundisha -ight kwanza, wiki nzima, ndipo naleta -ite peke yake, na siku ya tatu tu ndipo nachanganya. Ukizileta pamoja siku moja zinaharibiana. Na kundi la -ough la mwisho nalipeleka mwisho kabisa, maneno mawili kwa siku: moja la f na moja bubu, kila moja ndani ya sentensi, maana neno lenyewe likiandikwa ubaoni peke yake halionyeshi njia.

#25 Mvita Kwetu

Hapo kwenye kutochanganya -ight na -ite siku moja tumekutana. Kwenye kuchelewesha -ough bado. Though, through na enough ziko kwenye kila ukurasa wa kitabu cha hadithi. Mtoto atazikuta kabla hujafika. Bora azijue kwa sura mapema.

#26 Mgeni wa Yorkshire

Wanaosafiri Uingereza, majina ya miji yana sheria zake. Slough ni Slau. Loughborough ni Lafbara, gh mbili, ya kwanza f na ya pili bubu. Edinburgh ni Edinbara, usiseme "Edinbag". Middlesbrough inaandikwa na o moja tu upande wa mwisho, wageni wengi wanaongeza ya pili. Na huku Yorkshire kuna Keighley, inatamkwa Kiithli. Gh hapo ni th ya thelathini. Ukiuliza tiketi ya "Kaili" karani atakutazama.

#27 Kipima Sauti

Keighley imenimaliza. G, f, bubu, k ya "lough" ya Kiayalandi, p ya hiccough, na sasa th.

Nashukuru wote. Kwa hesabu yangu tuna wachapaji, midomo ya duara, mwisho wa neno, lahaja za London, na umoja na wingi. Laughter nimeielewa, inamfuata laugh. Draught ndiyo bado iko mezani, Msomi hajaijibu bandiko #8.

#28 Msomi wa Kale

Draught naiona ni tamko la lahaja lililoshinda, kwa hilo moja Bi Kamusi anaweza kuwa sahihi. Ila neno moja haliondoi kanuni ya mwisho wa neno.

#29 Bi Kamusi

Si moja tu la kuisumbua kanuni yako. Lipo "sough", mvumo wa upepo mitini. Gh iko mwisho kabisa, na kamusi zinatoa matamshi mawili, saf na sau, yote yanakubalika. Kama mwisho wa neno ungekuwa unaamua, sau isingekuwepo. Na "slough" ya nyoka kujivua gamba ni slaf, ilhali slough ya tope ni slau, tahajia ileile herufi kwa herufi.

Ninachotafuta bado ni neno jingine lenye -aught na f ambalo si la ukoo wa laugh wala draught. Mwenye nalo aliweke hapa.